Kisiwa Kisichoruhusu Upepo

Usiku wa jana niliota tumeshafika kisiwani kabla basi halijaja kutuchukua.

Nieleze kwanza tulikuwa akina nani. Mimi, Subilaga. Mume wangu, Ambokile. Rafiki yake Lusajo, na Tusekile, mke wa Lusajo. Sote tunalima viazi huku milimani Uporoto, ambako mwezi wa saba umande unaganda juu ya majani mpaka ng'ombe wanakataa kutoka zizini. Mwaka huu viazi vilikubali. Lusajo akaja na wazo kwamba watu wa mjini wakichoka wanakwenda visiwa vya pwani kulala mchangani, na sisi tumechoka kuliko wao. Basi lilikuwa lipite alfajiri. Kwa kuwa nyumba yetu ndiyo iko barabarani, akina Lusajo walikuja kulala kwetu. Tukalala sote sebuleni, mabegi yamejipanga ukutani kama watoto wanaongoja chakula.

Kwenye ndoto hakukuwa na basi wala meli. Nilijikuta tu nimesimama mapokezi.

Aliyetupokea alikuwa birika. Lilikuwa limevaa tai. Nililitambua palepale, ni birika letu la bluu, lile lililobanduka rangi mdomoni, lakini sikutaka kuliaibisha mbele ya wageni wengine. 

"Karibuni mapumzikoni," birika likasema, na mvuke kidogo ukatoka. "Masharti yetu ni machache. Mawazo mnaacha hapa. Haraka mnaacha hapa. Upepo hauruhusiwi."

"Safi," Lusajo akasema. "Upepo ndio tulioukimbia."

Birika likasogeza beseni. Lusajo akainamisha kichwa akakitikisa, mawazo yake yakadondoka moja moja: mbolea, mvua ya mwakani, jino la nyuma linalomsumbua. Haraka yake nayo ikatoka, ilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani, ikawa inazungukazunguka ndani ya beseni. Tusekile akatoa wazo la mama yake na la kuku aliowaacha kwa jirani. Ambokile aliinama kwa muda mrefu. Aliponyanyuka uso wake ulikuwa laini kama wa mtoto aliyetoka kunyonya. Nikachungulia ndani ya beseni, nikaona wazo moja lenye umbo langu, limekaa limekunja mikono.

"Hilo ni mimi," nikasema.

"Atalichukua akiondoka," birika likasema.

Ilipofika zamu yangu hakikutoka kitu. Nikatikisa kichwa tena. Birika likanitazama kwa upande.

"Yake yameota mizizi," likamwambia Ambokile, si mimi. "Wa hivi wapo. Apite nayo, ila asiyatumie."

Kisha tukapewa ndala, jozi moja kwa kila mke na mume. Ya kushoto ya mke, ya kulia ya mume.

"Na mguu mwingine?" nikauliza.

"Mguu mwingine anao mwenzako," birika likasema. "Hapa wapenzi hawaachani. Getini jozi haitoki nusu."

Tusekile akacheka, akamwegemea Lusajo. "Unaona? Nyumbani hata shambani tunaongozana kama tumenuniana. Hapa tumefungwa kwa ndala."

Hakuna njia ya kutoka mapokezi kwenda ufukweni. Nageuka tu, na ufuko upo.

Mchanga ni wa kijivu, mwepesi, ukiukanyaga unapanda juu na kukawia kushuka. Jua liko chini sana, kimo cha goti, jekundu, lina matundu pembeni na masikio mawili ya chuma. Nalitazama vizuri. Sijawahi kufika pwani, huenda ndivyo lilivyo.

"Jua la huku ni la karibu," Lusajo anasema, anapasha viganja joto. "La kwetu liko mbali, ndiyo maana halifanyi kazi."

Viti vinne vya kulalia vimepangwa kulizunguka. Ni vya mistari ya plastiki, mmoja mweupe, mmoja bluu, mmoja mweupe, hivyo hivyo hadi kichwani. Ambokile anavua shati, anajilaza. Kiti kinashusha pumzi.

"Uzito mzuri," kiti kinasema.

"Ahsante," Ambokile anasema. Anafumba macho.

Lusajo na Tusekile wanajilaza pia, lakini wao wanajigeuzageuza wakitafuta mkao, viti vyao vinanung'unika. Mimi nikakaa ukingoni mwa changu, mgongo wima.

"Subi, lala bwana," Tusekile akasema. "Unakaa kama mkwe aliyekuja bila taarifa."

"Nimekaa vizuri."

"Huyo ukimpa kitanda cha dhahabu atauliza jembe liko wapi," Lusajo akasema. "Shemeji, hapa hakuna magugu. Tulia."

Nikawaambia nasikiliza bahari. Na kweli nilikuwa naisikiliza. Ilikuja taratibu mpaka kwenye ndala yangu, ikafungua mdomo.

"Nilikuwa nakuja kukuambia kitu," bahari ikasema.

"Kitu gani?"

Ikafikiri. Povu likaijaa mdomoni.

"Kimenitoka," ikasema, ikarudi kukitafuta.

Baada ya kitambo ikaja tena. Ikafungua mdomo, ikanitazama, ikaona aibu, ikarudi.

"Ndivyo bahari ilivyo," Lusajo akasema bila kufumbua macho. "Inakuja, inarudi. Hata redioni wanasema."

"Hii inataka kusema neno."

"Itasema ikitaka. Haina pa kwenda."

Tusekile akashika paji la uso. "Kichwa kinanigonga kwa mbali."

"Ni utalii huo," Lusajo akasema. "Mtu hawezi kutalii kichwa kisigonge. Mwili unazoea."

Wakaacha kujigeuza. Viti vyao navyo vikaacha kunung'unika. Kimya kilichokuja sikukipenda. Nikamtazama mume wangu.

Ambokile alikuwa amegeuka kifudifudi. Kwenye kiuno chake palikuwa na mistari, mmoja juu ya mwingine, imezama kwenye ngozi, na wakati natazama mstari mpya ukajichora juu ya ile mingine. Hakushtuka.

"Unamfanya nini?" nikauliza kiti.

"Namtia alama."

"Za nini?"

"Za kwangu. Nimeanzia kiunoni, napanda. Zikifika shingoni anakuwa wangu."

"Wako kivipi?"

"Hainuki tena kukaa kwingine," kiti kikasema. Kilisema kwa upole, kama nesi. "Usihofu, hawasikii maumivu. Wengi hufika shingoni wakitabasamu."

"Lakini yeye hajakubali."

"Amelala. Kwetu kulala ndiyo kukubali."

Nikamtikisa bega. "Ambo. Inuka tuondoke."

"Nakuja," akasema.

"Unakuja lini?"

"Nikimaliza."

"Ukimaliza nini?"

"Kutulia," akasema.

Nikamvuta mkono. Mkono ukaja, yeye akabaki. Nikauachia, ukaanguka mchangani kama kitu cha mtu mwingine. Nikamgeukia Lusajo.

"Shemeji, nisaidie kumwinua mwenzako. Kiti kinamchukua."

Lusajo akanielewa. Niliona kabisa amenielewa, macho yalimfunguka nusu.

"Ningekusaidia, shemeji," akasema, "ila haraka yangu iko mapokezi."

Bahari ikaja. Ikafungua mdomo, ikatafuta neno, ikarudi. Nikagundua kwamba safari hii ilikuwa imekawia kuliko mwanzo.

Nikasimama kwenda mapokezi. Narukaruka kwa mguu wenye ndala, maana mchanga unachoma, na mguu mtupu nimeukunja kama korongo. Ninaporuka, mchanga unajikusanya kuwa matuta. Naona niko shambani kwetu. Kila tuta lina viazi vimelala chali juu ya udongo, vimevaa miwani ya jua.

"Usituchimbe," kiazi kimoja kinasema. "Tumeshatoka wenyewe."

"Natafuta mapokezi."

"Nyuma ya hapo. Na tafadhali, unatukinga jua."

Birika lilikuwa pale mwisho wa matuta, limelegeza tai. Sauti yake ilikuwa imekauka, na tumbo lake lilikuwa limeanza kulialia.

"Nimekuja kuchukua haraka ya Lusajo," nikasema.

"Haraka anapewa mwenyewe."

"Mwenyewe hawezi kuja. Hana haraka."

"Basi angoje aipate, halafu aje."

"Ataipata wapi wakati iko kwako?"

Birika likafikiri kwa uaminifu kabisa. "Sijui," likasema. "Mimi ni birika."

Sikukasirika. Ukikasirikia birika unajichosha bure. Nikakaa kwenye tuta, nikalitazama, nalo likanitazama. Ndani yake nikasikia maji yakizunguka, machache sana, kama mtu anasukutua kinywa.

"Nimebakiwa na maji ya kikombe kimoja," birika likasema polepole. "Yakiisha sitasema tena. Kama una la kuuliza, uliza moja, nami nitakujibu kama birika la nyumbani kwenu."

Kumbe lilijua kwamba nimelitambua.

Maswali yalinijia mengi yakisukumana. Nikayaacha yasukumane mpaka likabaki moja.

"Nitakitoaje kisiwani kitu kisichotaka kutoka?"

"Usikitoe," birika likasema. "Ingiza kilichozuiwa."

"Kipi?"

Mdomo wake ukatoa sauti nyembamba ya tsss, kisha harufu ya chuma kilichoungua. Halikusema tena. Tai yake ikaanza kukunjamana.

Beseni lilikuwa pale chini. Haraka ya Lusajo ilikuwa imechoka kuzunguka, imelala pembeni. Lile wazo lenye umbo langu lilikuwa bado limekunja mikono, likaniona, likasimama. Sikuambiwa nisilichukue. Niliambiwa tu kwamba Ambokile atalichukua akiondoka, na mimi nilikuwa na nia ya kumwondoa. Nikalitia kifuani, ndani ya nguo. Lilikuwa zito kuliko mimi mwenyewe, na hilo lilinishangaza kidogo.

Nageuka, niko ufukweni tena.

Jua limesogea. Masikio yake yanang'aa. Lusajo na Tusekile wamelala midomo wazi, mashavu yao yamekuwa mekundu ya kupendeza, kama ya watu waliopigwa picha studio. Mistari imepita mbavu za Ambokile na imefika kwenye mabega.

"Umerudi," kiti kikasema. "Nakaribia kumaliza."

Nikapiga magoti. Nikalitoa lile wazo, nikaliegemeza kwenye sikio la mume wangu. Likaingia kichwa kwanza, likijibana, likinikumbusha mama mmoja wa kwetu anavyoingia kwenye banda lake la kuku. Mguu wa mwisho ulipoingia, paji la uso la Ambokile likapata mikunjo. Kwanza mmoja, halafu mwingine pale katikati ya nyusi, ule anaokuwa nao nikichelewa kurudi kutoka mnadani.

Nilifurahi kuuona ule mkunjo.

"Subi yuko wapi?" akauliza. Macho bado yamefumbwa.

"Nipo hapa."

"Anasikia baridi?"

"Hasikii. Anasikia joto. Simama twende."

"Siwezi. Kimenishika."

"Nimemshika," kiti kikakubali.

Basi nikakamata miguu ya kiti, nikaanza kuvuta, kiti na mtu wake.

"Haya si matumizi ya kiti," kiti kikalalamika. "Uliza popote. Kiti cha kulalia hakivutwi na mteja."

Navuta. Mchanga unakuwa sakafu ya saruji, halafu unakuwa mchanga tena. Tunapita katikati ya darasa letu la shule ya msingi, lile la mwisho nililosoma. Watoto wote wamelalia madawati, wamelala fofofo. Ubaoni pameandikwa TULIENI kwa herufi kubwa, na chaki imesimama yenyewe hewani.

"Subilaga," chaki inasema. "Mbona hukai?"

"Nikirudi nitakaa, mwalimu."

"Kila mwaka unasema hivyo."

Ukuta wa darasa ukafunguka, tukatokea getini.

Geti la kisiwa lilikuwa mlango wa mbao wa kawaida, una komeo la ndani. Chini yake, kizingitini, palikuwa na mlinzi amejilaza, amejinyoosha kutoka kona hadi kona. Lilikuwa koti. Koti la Lusajo, la kijani, lile la mtumba lenye manyoya kwenye kola, ambalo husema ni la rubani.

"Shikamoo," nikasema, maana lilikuwa na sura ya mtu mzima.

"Marahaba. Hakuna kutoka."

"Sisi ni mke na mume. Ndala zote mbili zipo, tazama." Nikanyanyua mguu wangu, nikanyanyua na wa Ambokile.

"Naziona. Jozi ni kamili. Lakini mimi sikuwekwa kwa ajili ya ndala. Nimewekwa na mwenyewe nizuie upepo."

"Sisi si upepo."

"Anayetoka anaacha nafasi," koti likasema. "Na nafasi ndiyo upepo unayoitaka."

Nikatazama nyuma. Ufuko ulikuwa mbali, lakini bahari nikaiona inakuja, peke yake, polepole, inajikokota juu ya sakafu ya saruji kama mgonjwa anayejitafutia choo. Ilichukua muda mrefu sana. Ikafika miguuni kwangu. Ikafungua mdomo.

"Nimekumbuka," ikasema.

"Sema."

"Mlango."

"Mlango umefanya nini?"

"Basi," bahari ikasema. "Ni hilo tu. Mlango." Ikatabasamu, imetua mzigo. Ikarudi.

Nikangoja ije tena.

Nangoja. Tangu tumefika kisiwani imekuwa ikija na kurudi, ikikawia lakini ikija. Sasa nasikiliza, na huko kwenye mchanga ni kimya. Mstari mmoja unajichora chini ya shingo ya mume wangu.

"Umebaki mmoja," kiti kinasema.

Nikapiga magoti mbele ya koti. Nikalitazama kama ninavyotazama jani la kiazi nikitafuta ugonjwa, upande wa juu, halafu upande wa chini. Mkono mmoja wa koti ulikuwa umepenya chini ya mlango, uko nje. Nikaugusa kupitia uwazi. Umande ulikuwa umeganda juu yake, umekuwa mgumu kama karatasi.

"Mkono huu umeganda," nikasema.

"Uko nje."

"Unasikia baridi?"

Manyoya ya kola yakatikisika.

"Hilo hujaulizwa tangu lini?" nikasema.

"Sijaulizwa kabisa. Mimi ni koti. Ninaowekwa juu yao ndio wanaoulizwa kama wanasikia baridi." Likajikunja kidogo, likakumbuka lindo, likajinyoosha. "Upande wa ndani naungua, upande wa nje nimeganda. Hakuna aliyenivaa leo."

"Nikuvae."

"Ukinivaa nitakuwa nimeacha lindo."

"Koti likivaliwa halijaacha lindo," nikasema. "Upepo si utanikuta nimekuvaa? Si utakuwa umeuzuia kwangu? Hapo chini unazuia mlango. Mlango hausikii baridi."

Koti likafikiri. Kola ikasimama.

"Hilo sikuambiwa," likasema. "Niliambiwa nizuie, sikuambiwa nimzuilie nani." Kisha, kwa sauti ya chini: "Anza mkono wa kushoto. Wa kulia bitana yake imechanika, vidole vinapotea."

Nikaanza na wa kushoto. Mkono ulioganda ukapasuka ukilia kama majani makavu. Nikaingiza na wa kulia, vidole vikapotea kwenye bitana kama nilivyoambiwa, vikajipata. Nikashika komeo.

"Bibi," kiti kikasema nyuma yangu. "Mmoja tu."

Nikavuta komeo.

Upepo ukaingia umeinama kidogo, kama mtu aliyengojeshwa nje muda mrefu na hana kinyongo. Ukanipita. Ukalivuka jua, jua likafumba matundu. Ukaenda moja kwa moja kwa mume wangu ukamwingia puani.

Niliamka nikiwa nimesimama.

Nilikuwa kwenye mlango wa sebule yetu, mkono kwenye komeo, mlango uko wazi, nje kumeanza kupambazuka. Nilikuwa nimevaa koti la Lusajo. Mkono wake mmoja ulikuwa umelowa na umande uliokuwa unayeyuka. Kichwa kilikuwa kinanigonga.

Nikageuka kutazama ndani. Katikati ya chumba lilikuwepo jiko la mkaa, bado jekundu kwenye matundu. Ambokile alikuwa ameliingiza jioni kwa sababu ya baridi, na sote tukamshukuru. Juu yake lilikuwepo birika, limekauka, kitako kimeungua cheusi. Na koti, nikakumbuka, Lusajo alilikunja kabla ya kulala, akaliziba chini ya mlango. Akasema, leo upepo utalala nje. Tukacheka.

Ambokile alikuwa amelala kwenye godoro la sponji upande wa jiko. Nilisikia pumzi yake ikija. Ikakawia. Nikangoja irudi, haikurudi.

Nilimkamata miguu na kumvuta. Godoro, blanketi, mtu, vyote vikaja kwa pamoja, kichwa chake kikagonga kizingiti, nikasema samahani, nikaendelea kuvuta mpaka majanini. Nikarudi. Nikakunja khanga mkononi, nikalibeba jiko kwa masikio yake mawili nikalitupa uani. Nikampiga Tusekile kofi. Alifumbua macho akanitazama kwa chuki, kisha akatapika, na sijawahi kufurahi namna hiyo kumwona mtu akitapika. Lusajo alitoka kwa magoti, anagonga kila kitu, anauliza nani amezima taa.

Ambokile alikuwa bado amelala chali juu ya umande ulioganda. Midomo yake ilikuwa myekundu mno. Nikamwinua kichwa, nikamwita. Nikampuliza usoni. Nikamwita tena.

Akakohoa.

"Nakuja," akasema.

"Njoo," nikasema. "Nakungoja."

Tulikaa pale nje wote wanne, blanketi mabegani, tukitetemeka, tukivuta hewa kama watu wanaokunywa maji. Jirani tuliyemwita alikwenda kutafuta gari la kutupeleka zahanati. Jua likachomoza juu ya kilima, dogo, la mbali, halijali mtu.

Basi la pwani likapita. Likapiga honi mbele ya nyumba, likangoja kidogo, likapiga tena, likaondoka.

"Limetuacha," Lusajo akasema. Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Liende huko," Tusekile akasema. "Wewe na koti lako la rubani. Ungeturusha kweli leo."

"Nilikuwa naziba upepo tu, mama."

"Uliziba mpaka wa pua zangu."

Lusajo alitazama chini. Baadaye akaninyooshea mkono, taratibu, kwa haya. "Subi. Nisaidie koti. Nasikia baridi."

"Liulize lenyewe kwanza," nikasema.

Wakanitazama. Tusekile akanigusa shavu kuona kama nimepata nafuu. Nikavua koti nikampa, nikamwambia mkono wa kulia bitana imechanika, awe mwangalifu.

"Umejuaje?" akauliza Lusajo. "Sijamwambia mtu."

"Si nimelivaa."

Hilo likamtosha. Nikasogea kwa mume wangu. Alikuwa amejikunja, meno yanagongana, na pale katikati ya nyusi ulikuwepo ule mkunjo.

"Unasikia baridi?" akaniuliza.

"Kidogo. Geuka nikusugue mgongo."

Akageuka. Nikapandisha shati lake.

Mistari ilikuwepo. Ilianzia kiunoni, imenyooka, mmoja juu ya mwingine, imezama kwenye ngozi kama ya mtu aliyelala muda mrefu juu ya plastiki. Ilipanda mbavu, ikapita mabega, ikaishia chini ya shingo, ikaacha nafasi ya kidole. Nikaweka kidole changu pale. Kikaenea.

Nikatazama godoro lake majanini. Sponji, shuka laini, hakuna kitu kingine.

"Kuna nini?" Ambokile akauliza.

"Hakuna." Nikaanza kusugua. "Hivi, tukija kwenda huko kisiwani, wewe utakaa chini, mkekani. Kiti cha kulalia sitaki."

"Kiti gani?"

"Cha mistari. Mweupe na bluu."

"Wewe umekiona wapi? Hata Iringa hujafika."

Nikashusha shati, nikalichomeka vizuri kwenye suruali, likafunika yote.

"Kaa wima," nikamwambia. "Vuta pumzi. Haya, irudishe. Vuta nyingine."